Msanii Amwachie Nani Siasa?

"Msanii aimbe, siasa awaachie wenyewe." Kaa nusu saa kwenye kijiwe chochote cha kahawa kati ya Mtaa wa Swahili na Msimbazi, utalisikia hilo likisemwa kwa uhakika wa mtu anayekutajia bei ya mchele. Analisema muuza vitenge, analisema kuli aliyetua mzigo apumue, na hata kijana aliyefungulia singeli kwenye spika ya meza yake Mtaa wa Kongo analisema, huku singeli yenyewe ikimtukana diwani. Kila mmoja anadhani kasema neno la busara lisilo na wa kulipinga. Mimi nalipinga.

Nalipinga nikijua linatoka wapi. Kampeni za 2015, za 2020 na za 2025 zilijaza wanamuziki majukwaani. Watu walikuja kumwona mwimbaji wakaletewa mgombea. Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, uchaguzi ukageuka maandamano, watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mtandao uliporudi, mashabiki walianza kukagua: nani alicheza jukwaani, nani kaandika pole, nani kaweka picha ya safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengi wakaacha kuwafuata wasanii waliokuwa wakiwapenda. Hasira ile naielewa, na sehemu yake nashiriki.

Lakini tazama ilivyojikanganya. Kijiwe kilekile kilichokuwa kikisema msanii aimbe tu, siasa si zake, ndicho kilichokuwa kikiuliza mwezi Novemba kwa nini wasanii wamenyamaza. Bwana, si ulimwambia anyamaze? Ama siasa si zake, na ukimya wake haukuhusu, ama ukimya wake unakuuma kwa sababu moyoni unajua siasa ni zake kama zilivyo zako. Huwezi kula huku na huku.

Tuanze na barabara inayotenganisha Kariakoo na katikati ya mji, ile inayopita ubavuni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja. Inaitwa Bibi Titi Mohamed. Maelfu wanaivuka kila asubuhi kutoka kituoni kwenda madukani, na ukimuuliza mmojawao huyu mama alikuwa nani, atakujibu mwanasiasa, mpigania uhuru. Kweli. Ila kabla ya yote hayo alikuwa mwimbaji. TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954 kwenye ofisi ya mtaa tunaouita leo Lumumba, Titi alikuwa sauti ya mbele ya kikundi cha ngoma cha Bomba, mtu anayejulikana katika shughuli za mji, kwenye harusi na Maulidi. Alikuwa staa, kwa lugha ya leo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alitembelea Dar es Salaam, akawatazama wanaume wa TANU, akauliza wanawake wako wapi. Viongozi wakahitaji mwanamke wa kumwonyesha, na aliyepatikana ni yule aliyekuwa tayari anajua kusimama mbele ya watu.

Kilichofuata ndicho kinachowashinda wenye hoja ya "aimbe tu". Titi hakwenda kwa wanawake na hotuba ya sheria za udhamini wa Umoja wa Mataifa. Alipitia vikundi vya ngoma. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, sare zake, mfuko wake wa kuchangiana, na mtandao wa nyumba ambamo habari ilifika kabla ya jua kuzama. Wanaume wa TANU, wenye taipureta na Kiingereza, hawakuwa na kitu cha namna hiyo. Katika muda mfupi wanawake wa Dar es Salaam waliingia chamani kwa maelfu, wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule, na mikutano ya Mnazi Mmoja ikafurika. Ukimtoa mwimbaji katika habari ile, hubaki na TANU tuliyoisoma shuleni. Unabaki na chama cha makarani.

Naye aliilipia siasa yake bei kamili. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alijiuzulu Kamati Kuu kwa sababu ya sharti la viongozi kutokuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1969 akakamatwa, akashitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Unaweza kumbishia kuhusu zile nyumba. Mimi mwenyewe sijui ningesimama wapi. Ila kwamba alikuwa mwimbaji asiyepaswa kusema, hilo hakuna aliyemwambia hadi pale alipowapinga wakubwa.

Na hakuwa peke yake kutoka nje ya kazi yake. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Nyerere alimfuata huko huko sokoni kuzungumza siasa. Mshume Kiyate, ambaye mtaa wa Tandamti ulipewa jina lake, alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Nyerere mwenyewe alikuwa mwalimu wa Mtakatifu Francis, Pugu, na mwaka 1955 alitakiwa achague: chaki au chama. Akaacha chaki. Serikali ya kikoloni ilikwisha kuwapiga marufuku watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na maneno iliyotumia yalifanana sana na haya ya kijiweni: kila mtu ashike kazi yake. Laiti wangelitii, Mnazi Mmoja pangekuwa na bustani nzuri tu.

Baada ya uhuru ndipo mambo yanapochekesha. Serikali na chama havikuwaacha wasanii waimbe tu, viliwaajiri. Bendi ya chama cha wafanyakazi ilikuwa NUTA Jazz. Vijana wa TANU walikuwa na Vijana Jazz. Polisi walikuwa na Polisi Jazz, Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz, JKT nayo ikawa na zake. Mpiga gitaa alikuwa na namba ya kazi, mshahara, na wengine na gwanda. Nyimbo za siasa zilipigwa Radio Tanzania asubuhi, mchana na jioni, na hakuna mzazi aliyeandika barua kwa mhariri kulalamika kwamba wanamuziki wanaingilia mambo yasiyowahusu. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, CCM ikaunda Tanzania One Theatre, na mbele yake akasimama Kapteni John Komba, mtu aliyetoka jeshini, aliyeimba chama hadi akawa mbunge wa Mbinga Magharibi. Nilikuwa nikimpenda Komba, nakiri. Sauti ile ilikuwa na uzito wake. Lakini kizazi kizima kilichomchezea kapteni akiimba nyimbo za chama leo kinatuambia muziki na siasa havichangamani.

Basi kanuni hii kwa ukweli wake haisemi msanii asifanye siasa. Inasema asifanye siasa bila kualikwa. Harmonize alipotoa wimbo wenye jina la Magufuli hakuitwa na mtu yeyote kuelezwa mipaka ya fani yake. Mwana FA alitoka kwenye mdundo akaingia bungeni kwa Muheza mwaka 2020, akawa naibu waziri, na hakuna aliyemtaka arudi kwenye maiki. Sawa, ni haki yao na sina neno nao. Ila tazama upande wa pili. Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa wimbo wa "Wapo", uliokuwa ukigusa watawala. Aprili 5 mwaka huo huo, Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio ya Tongwe hapa Dar es Salaam, wakaonekana siku tatu baadaye. Mwaka uliofuata Sugu, mkongwe wa hip hop ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyasema kuhusu Rais.

Kuna wanaotaja kuachiwa kwa Nay kama ushahidi kwamba tunawaonea bure wakubwa: Rais mwenyewe aliagiza aachiwe na wimbo upigwe, akataka hata aongezewe mistari. Kwangu mimi kuachiwa kule kunatisha karibu sawa na kukamatwa. Kama haki ya wimbo inategemea aliyeko Ikulu kaupenda ama la, msanii hana haki, ana bahati.

Hoja ya pili ninayoisikia ni ya elimu. Hawa wamesoma nini? Anajua nini kuhusu bajeti, kuhusu bandari, kuhusu katiba? Hapa watu wazima hutikisa vichwa kwa heshima, kwa sababu hoja ina sura ya hekima. Tumjaribu Remmy Ongala basi. Alitoka Kindu, Kongo, akaingia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970, akapiga na Orchestra Makassy, kisha akaijenga Super Matimila. Hakuwa tabibu, ingawa watu walimwita Dokta. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Miaka ikapita, na mazungumzo hadharani yakabaki ya mafumbo, ya picha za mafuvu na maonyo ya jumla, kwa sababu hakuna ofisa aliyetaka kutamka neno kondomu mbele ya mama mkwe wake. Remmy akatunga "Mambo kwa Soksi". Aliwaeleza vijana cha kufanya, kwa maneno ambayo kijana wa Manzese aliyaelewa bila kutafsiriwa, tena kwa mdundo uliokaa kichwani. Radio Tanzania haikutaka kuupiga. Wimbo ukatembea kwa kaseti na kwenye kumbi.

Nani alikuwa na elimu pale? Wizara ilikuwa na madaktari na takwimu zote. Remmy alikuwa na kitu ambacho madaktari hawakuwa nacho: alikuwa ukumbini saa nane za usiku, akiona nani anaondoka na nani. Hiyo nayo ni elimu, na wakati ule ndiyo iliyohitajika. Kituo cha daladala Sinza kinaitwa kwa Remmy hadi leo. Sikumbuki kituo kilichopewa jina la aliyekataa kuupiga wimbo.

Tena sisi wa Kariakoo ndio wa mwisho kudai vyeti. Mei 2023 maduka yalifungwa siku tatu, na Juni 2024 yakafungwa tena, wafanyabiashara wakigombana na kodi, usajili wa maghala na kikosi cha kukamata mizigo. Waziri Mkuu Majaliwa alikuja Mnazi Mmoja mwaka 2023 akakaa kuwasikiliza mbele ya kamera, mmoja baada ya mwingine. Kati ya waliosimama pale, wangapi walikuwa na shahada ya uchumi? Walijua kodi kwa sababu inawakata wao. Msanii naye anajua udhibiti kwa sababu BASATA inasikiliza nyimbo zake, anajua vibali, anajua polisi wa usiku, anajua barabara mbovu za mikoani kuliko wabunge wengi, kwa kuwa amezipita kwenye kosta akienda kupiga shoo. Asemee hayo. Akianza kunifundisha sera ya fedha za kigeni nitambishia, kama ninavyombishia waziri.

Kuna mfano wa mbali unaonisaidia hapa, na najua utawakera baadhi ya wasomaji. Septemba 20, 2010, mwanamuziki Lady Gaga alisimama Portland, jimbo la Maine huko Marekani, kuhutubia juu ya sheria iliyojulikana kama Usiulize, Usiseme. Sheria hiyo ya mwaka 1993 iliwaruhusu wapenzi wa jinsia moja kutumikia jeshi mradi wajifiche. Askari akijulikana, anafukuzwa. Zaidi ya 13,000 walifukuzwa hivyo. Hapa kwetu Kanuni ya Adhabu inalihesabu jambo lenyewe kuwa jinai ya kifungo hadi cha maisha, na kila msomaji ana lake moyoni. Nami nina langu: mtu aliyekubali kufa kwa ajili ya nchi yake sioni anadaiwa nini tena kuhusu faragha ya nyumba yake. Lakini tuache hilo, tutazame alichoambiwa yule mwimbaji. Aliambiwa vilevile vya Kariakoo: wewe na nguo zako za ajabu unajua nini kuhusu jeshi?

Kwa kweli hakujua sana. Ila waliojua ndio waliokatazwa kusema. Askari aliyekuwa kazini na akasimama kueleza jinsi sheria inavyomwumiza, maelezo yake yenyewe ndiyo yangekuwa ushahidi wa kumfukuzia. Sheria ilikuwa imewaziba midomo mashahidi wake wote. Hapo asemee nani, kama si mtu ambaye hakuna kamanda anayeweza kumvua vyeo? Wiki moja kabla ya Portland, Lady Gaga alikuwa ameingia kwenye tuzo za MTV akiwa na watu waliotoka jeshini kwa sababu ya sheria hiyo, kamera zilizomfuata yeye zikawapata wao. Kazi yake ilikuwa hiyo, kuwakopesha mwanga. Na haikushinda siku ile. Kesho yake hoja ya kuifuta sheria ilikwama Seneti kwa kukosa kura 60. Ilibidi ije ripoti ya jeshi lenyewe, ije miezi ya ubishi, hadi Desemba 18 Seneti ikapitisha kufutwa kwa sheria kwa kura 65 dhidi ya 31, na maseneta wote wawili wa Maine safari hii wakiwa upande wa ndiyo. Asiyependa wasanii atasema basi wimbo haukuleta kitu. Nami sisemi wimbo hupiga kura. Nasema aliyezibwa mdomo anahitaji wa kumsemea hadi atakapofunguliwa.

Na sisi tunao waliozibwa, kwa sababu nzuri na mbaya. Katiba yetu inamkataza askari kujiunga na chama cha siasa, na hilo ni jema. Sitaki bunduki zenye kadi. Lakini mwalimu wa serikali anayeogopa uhamisho, nesi anayeogopa barua ya onyo, karani wa halmashauri aliyeona kitu akanyamaza, hao nao wapo. Msanii analipwa na watu wanaonunua tiketi. Kwa kadiri hiyo ana nafasi ambayo wao hawana.

Wenye madaraka wanalijua hili kuliko kijiwe. Uganda hawakumdharau Bobi Wine kwa kuwa ni mwimbaji wa Kamwokya. Aliingia bungeni mwaka 2017. Agosti 2018 alikamatwa Arua, dereva wake akapigwa risasi akafa, na yeye, raia, akafikishwa mahakama ya kijeshi Gulu kwa mashitaka ya silaha yaliyokuja kufutwa baada ya siku chache, kisha akashitakiwa kwa uhaini katika mahakama ya kiraia. Mwaka 2019 kofia nyekundu, alama ya wafuasi wake, ikaorodheshwa kuwa vazi la jeshi, raia haruhusiwi kuivaa. Serikali yenye vifaru iliona vema kutunga amri dhidi ya kofia ya mwanamuziki. Halafu sisi tunasema huyo ni wa kutuburudisha tu.

Imebaki hoja ya tatu, na hii ndiyo inayonisumbua: wasanii wananunuliwa. Wanapanda jukwaani kwa hela, wanaimba chama hiki mwaka huu, na wengine huhama na kurudi kabla kadi haijachakaa. Nakubali. Sehemu kubwa ya kinachoitwa wasanii kuingia siasa hapa nchini ni biashara ya kupiga shoo, mteja akiwa ni chama. Lakini ukiitazama vizuri, hoja hii inakwenda kinyume na wanaoitumia. Ugonjwa ni kwamba msanii anauza sauti huku akituaminisha kwamba anatoa maoni. Dawa yake haiwezi kuwa kumwambia asiwe na maoni, maana huyo aliyelipwa ndiye asiye na maoni tayari. Mkimnyamazisha anayesema kwa hiari, mnawaachia jukwaa wanaosema kwa mkataba.

Mamlaka ya Mapato imetufundisha wote wimbo mmoja: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Tuupeleke kwenye kampeni. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ipo tangu 2010 na inavitaka vyama vieleze matumizi yao. Basi malipo ya kila msanii yaandikwe kwa jina na kiasi, na yabandikwe mahali mtu wa kawaida anaweza kuyasoma, si kwenye faili la ofisini. Msanii aliyelipwa aseme nimelipwa. Asiyelipwa aseme nimekuja mwenyewe, na akiwa mwongo karatasi itamuumbua. Sitegemei vyama vipende hili, cha kijani wala cha rangi nyingine. Wala sitegemei wasanii wakubwa walishangilie.

Ila na sisi wasikilizaji tunadaiwa. Roma alipopotea siku zile tatu, baadhi ya wasanii wenzake walijitokeza hadharani kuuliza yuko wapi. Mitaani nilisikia zaidi neno moja: kajitakia. Baadaye alihamia Marekani, na nyimbo zake tunazipakua bure kwenye simu za Mtaa wa Aggrey huku tukiulizana kwa nini siku hizi hakuna msanii wa kusema ukweli.